Achukue Lolote

Ijumaa jioni, Katesh.

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi limeingia mpaka ndani ya boksi la maua meupe. Mlima Hanang hatujauona leo, umejifunika wingu kuanzia kiunoni. Nimefuta maua moja moja kwa kitambaa chenye maji na bado yana rangi ya chai. Sina hasira na upepo. Nina hasira na mtu, ndiyo maana naandika.

Kesho ni mahafali yetu ya kidato cha nne. Mimi nimechaguliwa kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Tangu nichaguliwe nimekuwa nikitaka jambo moja, na wala si kubwa: baba yangu awepo, asikie, halafu anivishe maua kwa mkono wake mwenyewe.

Mpaka sasa sijui kama atakuja.

Nieleze kwa utaratibu. Mama ana duka la maua hapa mjini, karibu na stendi. Si maua ya bustani. Ni ya plastiki, yanatoka China yakipitia Kariakoo, yamebanwa kwenye maboksi kama nguo za mitumba. Tunayanyoosha, tunayafunga kwenye waya kwa gundi ya moto, tunaandika utepe. Tunafunga ya harusi, ya kipaimara, ya mahafali na ya msiba. Sisi ni Waislamu, babu alikuja hapa kutoka Kondoa kufanya biashara, na kwenye makaburi yetu hatuweki mashada. Lakini wateja wetu wengi ni Wakristo wa vijijini, na mashada ya misiba yao ndiyo yaliyonisomesha. Huwa nalifikiria hilo mara kwa mara na sijui nilifikirie vipi.

Hapa kwetu kila kitu kinaitwa shada. La shingoni la mwanafunzi ni shada, la kaburini nalo ni shada. Kuna mama mmoja alituma ujumbe kwamba anataka shada la Veronika, la Jumapili. Mama akatengeneza lenye msalaba na utepe wa zambarau. Kumbe Veronika ni binti mzima wa afya, anapata kipaimara. Yule mama alipoliona alikaa kwanza kwenye benchi.

"Mama Zuhura," akasema, "mwanangu umeshamzika?"

"Ulisema shada."

"Nilisema shada, sikusema kaburi."

Walicheka wote wawili mpaka wakafutana machozi. Tangu siku hiyo swali letu la kwanza kwa mteja ni moja: la furaha au la msiba?

Mimi hukaa dukani nikitoka shule, na nimejifunza kwamba mtu anaweza kujificha kanisani, msikitini, hata kwenye picha za simu, lakini akiagiza maua anajifichua mwenyewe. Kuna anayeingia na kusema anataka kubwa kuliko ya wengine. Huyo haulizi marehemu alikuwa nani kwake. Anauliza wengine wameagiza la ukubwa gani. Na jina lake kwenye utepe analitaka likolee, "Kutoka kwa Fulani na Familia," hata kama jina la marehemu litabanwa pembeni mpaka lisisomeke. Mara nyingi ni ndugu aliyekaa mbali miaka mingi. Shada lake hupigwa picha kabla halijafika kaburini.

Kuna dada mmoja, anafanya kazi ya heshima tu hapa mjini, aliagiza maua ya siku yake ya kuzaliwa. Akatuomba tuandike "Kutoka kwa mume wako akupendaye." Halafu akaomba tumpelekee kazini wakati wenzake wapo. Nilicheka alipoondoka. Mama hakucheka. Alisema, "Andika vizuri, mwandiko usitetemeke." Wiki hii nimekumbuka kicheko changu na nimeona aibu.

Na kuna Mzee Safari wa Mogitu. Huyu alifiwa na mke wake. Alikuja na koti lake zito, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kuanza kutazama maua yote ukutani kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake katikati ya ng'ombe wa watu. Mama akamuuliza anataka ya aina gani.

"Ya maboga," akasema.

"Mzee, maua ya maboga hatuna."

"Yeye alikuwa anayapenda. Akiyakuta yamechanua shambani hakubali tuyachume kwa mboga. Anasema yaacheni kwanza niyaangalie. Tunakula ugali mkavu sababu ya maua." Akacheka kidogo, peke yake. "Tafuta yanayofanana."

Tukatafuta ya njano yenye mdomo mpana. Alikataa mawili, akakubali la tatu. Hakuuliza ukubwa. Hakutaka jina lake kwenye utepe. Alisema yeye anajua ni la nani, na aliyelala anajua limetoka kwa nani.

Basi kutokana na wateja kama hao nikajitungia kanuni yangu, na nilijivunia sana. Nilisema hivi: anayempenda mtu anajua vitu vyake vidogo. Anajua rangi, anajua asichokipenda. Na yule anayesema "nifungie lolote tu" hamjui anayempelekea, au hana haja ya kumjua.

Nikatoa nafasi moja ya pekee kwenye kanuni hiyo, nikamwekea baba yangu.

Baba ana nyumba mbili. Mama ni mke mkubwa, yuko hapa. Mke mdogo yuko Babati, na baba anaishi zaidi huko kwa sababu ndiko biashara yake ya mazao iliko, tangu mji huo ulipofanywa makao makuu ya mkoa na watu wa maofisini wakahamia. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa nikiwa mdogo na hivyo ndivyo nilivyowaeleza wenzangu shuleni. Huku kwetu hupita. Hunywa chai, huuliza kama tuko wazima, huondoka. Hajui niko mchepuo gani wa masomo. Mwaka jana aliniuliza niko kidato cha ngapi, nikamwambia, na mwaka huu akaniuliza tena. Nikajiambia baba si mtu wa vitu vidogo vidogo. Wanaume wengine wako hivyo, wanapenda kwa jumla. Nilikuwa na amani na maelezo hayo.

Jumatatu alipiga simu dukani. Mama alikuwa na gundi kwenye vidole, akaniambia niweke sauti ya nje. Baba hakujua kwamba nipo.

"Mama Zuhura, habari za huko?"

"Nzuri. Za kwenu?"

"Salama. Sikia, nataka shada la Nasreen. Mahafali yake ni Jumamosi. La furaha hilo, usije ukanifungia la msiba kama lile la Veronika."

Nasreen ni binti yake wa Babati. Tumezaliwa mwaka mmoja. Sikujua kwamba mahafali yao ni siku moja na yetu. Mama pia hakujua, nilimwona mkono ukisimama hewani na bomba la gundi.

"Nasikiliza," Mama akasema.

"Weka zambarau na nyeupe. Njano usiweke kabisa, njano haipendi, anasema inamfanya aonekane kama anaumwa. Jina uandike kwa e mbili. N, a, s, r, e, e, n. Kuna wateja mliwahi kuwakosea jina, huyu akikosewa jina atalia mbele za watu, namjua. Halafu liwe jepesi. Alianguka na bodaboda mwaka juzi, shingo bado inamsumbua akivaa kitu kizito. Tumia ule waya mwembamba."

Alijua mpaka waya.

Kwenye ile simu kulikuwa na Mzee Safari mwingine, na alikuwa baba yangu, na alikuwa anamzungumzia mtu mwingine.

"Nitapita mwenyewe Ijumaa kulichukua," akaendelea. "Natoka Singida na mzigo wa alizeti."

Mama akavuta pumzi. "Na Zuhura je? Na yeye anamaliza Jumamosi hiyohiyo. Anasoma risala."

"Eh, mashallah. Zuhura si yuko hapohapo dukani? Achukue lolote. Zuhura ni wa nyumbani, huyo hana shida."

Akaaga. Mama akaniangalia. Nikajifanya natafuta mkasi.

Nimelifikiria hilo neno tangu Jumatatu. Wa nyumbani. Tunalisema kila siku kama sifa. Mgeni akija anapewa kiti, wa nyumbani anakaa kwenye ndoo. Mgeni anapewa paja la kuku, wa nyumbani anaambiwa aangalie kama kwenye sufuria kumebaki mchuzi. Wa nyumbani haulizwi, hakaribishwi, hasubiriwi, kwa sababu yupo tu. Mimi ni wa nyumbani kwenye nyumba ambayo baba hakai.

Jumanne Mama alitoa maua ya zambarau, akayaweka mezani, akasogea nayo mbali kidogo kama vile yana harufu.

"Funga wewe," akasema. "Mkono wangu utakosea."

Nataka kusema ukweli hapa, kwa sababu shajara isiyosema ukweli ni insha tu. Nilifikiria kumharibia. Nilishika waya mnene, ule wa mashada ya misiba, nikaupima mkononi. Nilifikiria kuficha ua moja la njano chini, mahali ambapo lingetokeza katikati ya sherehe. Nilifikiria e moja. Ingekuwa rahisi kiasi gani. Ningesema sikusikia vizuri kwenye simu.

Nasreen nimekutana naye mara moja tu, kwenye msiba wa babu kule Kondoa. Tulilala mkeka mmoja. Aliniuliza, "Baba akiwa kwenu huwa anapenda kula nini?" Sikujua, nikataja chakula chochote tu. Akasema kwao anapenda mlenda, lakini usiwe na karanga. Hakuwa anajigamba. Alidhani tunabadilishana habari za mtu mmoja tunayemfahamu wote. Sikuweza kumchukia usiku ule na wiki hii pia nimejaribu na sijaweza. Nimebaki na chuki ambayo haina pa kwenda.

Kwa hiyo nilitumia waya mwembamba. Nilipanga zambarau, nyeupe, zambarau, na majani madogo ili yasimchome. Niliandika jina kwa e mbili, taratibu. Lilipokwisha nililivaa mwenyewe ili nipime uzito, kwa sababu shada haliwezi kupimwa mezani, ni lazima lipimwe shingoni. Lilikuwa jepesi kama hakuna kitu. Nilisimama mbele ya kile kioo chetu kilichopasuka pembeni, na kwenye kioo jina lilisomeka kinyumenyume, na kwa muda kidogo sikuwa mtu yeyote.

Mama akaniona. Nilidhani atasema nilivue lisichafuke.

"Ni zuri," akasema. "Ni zuri kupita kiasi." Akatoka nje kwenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu.

Jana nilikata utepe wa rangi ya chungwa, rangi ninayoipenda, nikaandika "Hongera mwanangu Zuhura. Kutoka kwa Baba." Mwandiko haukutetemeka. Nikausoma, nikamkumbuka yule dada wa siku ya kuzaliwa, nikaukata vipande vipande nikatupa. Sikutupa kwa sababu nina nguvu. Nilitupa kwa sababu niliona ningeweza kuuamini.

Leo tulikuwa na mazoezi ya mwisho shuleni. Nimesoma risala mara kadhaa mbele ya ukumbi wenye viti vitupu, na mwalimu akanisifu kwa sauti na kunikosoa kwa haraka. Nilirudi nikikimbia, sketi imejaa vumbi, nikiwa na matumaini ya kulikuta lori nje ya duka. Nilikuwa nimepanga cha kusema. Lori halikuwepo. Msumari ambao shada la Nasreen lilikuwa limening'inizwa ulikuwa wazi.

"Amekuja?" nikamuuliza Mama.

"Amekuja, ameondoka. Lori alikuwa ameliegesha vibaya, watu wa stendi wanapiga kelele."

"Alisemaje?"

"Alilipima kwenye kiganja. Akasema hili ndilo, hili halitamsumbua. Akauliza nani kafunga. Nikamwambia mwanao."

"Akasemaje?"

Mama akakata utepe kwanza. "Akasema, 'Mwambie ahsante.'"

"Na kesho je?"

"Hakusema."

"Hukumwuliza?"

"Zuhura." Mama aliweka mkasi chini. "Mimi niliacha kumwuliza baba yako vitu kabla hujaanza darasa la kwanza. Niliona majibu yake yananichosha kuliko kutojua. Lakini hiyo ni mimi, na mimi ni mke. Wewe ni mtoto wake. Una mdomo, una simu. Muulize wewe."

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo limeniuma kuliko ile simu ya Jumatatu. Sijawahi kumuomba baba kitu kwa jina. Hata siku moja. Sijawahi kusema nataka hiki, si kile. Nimekaa miaka yote nikisubiri akisie, na nikajisifu kwamba sina shida, kama alivyosema. Labda Nasreen alimwambia kuhusu njano. Labda alimwambia akilia, mara nyingi, mpaka ikaingia. Sisemi kwamba kosa ni langu. Mtu mzima anayeweza kukumbuka waya mwembamba anaweza kukumbuka kidato. Nasema tu kwamba mteja asiyesema anachotaka hupewa kilichobaki, na nimeliona hilo likitokea kwenye benchi letu mara nyingi mno.

Nikakaa nyuma ya duka kwenye gunia la majani ya plastiki, nikaandika ujumbe kwenye simu yangu. Niliufuta na kuuandika tena mpaka ukawa hivi:

"Baba, mtoto haagizi mzazi, lakini naomba niagize. Mahafali yangu ni kesho saa tatu asubuhi, shuleni kwetu hapa Katesh. Naomba uje mwenyewe, usitume mtu. Rangi ninayoipenda ni ya chungwa. Shingo yangu haina tatizo. Naomba univishe wewe."

Kabla sijautuma niliona si adabu kuanza moja kwa moja. Kwa hiyo nilituma kwanza salamu peke yake, nisubiri jibu ndipo niendelee.

"Shikamoo Baba."

Alijibu haraka. Nadhani alikuwa amesimama mahali, labda kwenye mizani ya malori.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nimeusoma mara nyingi. Ni ujumbe wa kawaida kabisa, kila mtu anautuma kwa namba asiyoijua, na kijana yeyote anaweza kumwita baba mwanaume wa umri kama wa baba yangu. Hakunitukana. Lakini namba hii ninayo tangu nikiwa kidato cha pili. Idd iliyopita nilimtumia salamu ndefu kwa namba hiihii, nikaweka na dua, naye akajibu, "Amin, na wewe pia." Niliutunza ule ujumbe. Niliwaonyesha wenzangu. Leo ndiyo najua kwamba alikuwa anamjibu mtu asiyemjua, kwa upole, kama anavyomjibu kila mtu.

Sikulia. Nilidhani nitalia, nikasubiri, machozi hayakuja. Nilisikia tu Mama mbele ya duka anamuuliza mteja, la furaha au la msiba.

Kisha nikaandika, "Ni Zuhura, mwanao," nikaongeza ule ujumbe wote chini yake, sikupunguza hata neno, nikatuma. Simu imenionyesha kwamba umesomwa. Hajajibu. Sasa adhana ya magharibi imeshaadhiniwa na bado hajajibu. Anaweza kuwa barabarani. Anaweza kuwa amefika, anamvisha mwenzangu kujaribu kama linamtosha. Mahafali yote mawili ni wakati mmoja, na Babati na Katesh si karibu. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili. Hesabu hiyo naijua, nimeipiga wiki nzima, na kila nikiipiga jibu linakuja lilelile.

Lakini sasa hawezi tena kusema kwamba sina shida. Nimemwambia shida yangu, na saa yake, na rangi yake.

Mama ananifungia maua mbele pale. Ameninyima ruhusa ya kuangalia, ila nimeona kipande cha rangi ya chungwa kwenye kidole chake, kimenaswa na gundi. Sikumwambia Mama rangi ninayoipenda hata mara moja.

Risala inaanza hivi: "Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa." Mwalimu ametufundisha kwamba msomaji akifika kwenye wazazi ainue macho na kuwatazama, asisome kwenye karatasi. Kesho nikiinua macho nitaanza na Mama. Nitamtazama yeye mpaka nimalize neno "wazazi wetu," pamoja na "wapendwa" yake. Baada ya hapo, kabla ya sentensi inayofuata, nitaangalia mlangoni mara moja.

Mara moja tu.